Jinsi ya kuupanga upya mtaa wa katikati ya mji ili mtu apite kwa miguu bila kuomba njia

Nianze na kitu ambacho kwenye vikao huwa kinasahaulika kabisa: watu wa miji yetu tayari wanatembea. Hatuna kazi ya kuwabembeleza waache magari nyumbani manake wengi hayo magari hawana, wanashuka daladala, wanashuka bodaboda, wengine wametoka kwao kwa mguu tangu alfajiri, alafu wote wanakutana kwenye mtaa uleule ambao lami ni ya magari yanayokwenda, vumbi la pembeni ni la magari yaliyopaki, na kile kipande kilichobaki kati ya mtaro na ukuta wa duka ndo chetu. Kwaiyo kazi yenyewe ni kuwatengenezea pale pale miguu yao inapopita leo, sio pale ambapo mchoraji anaona patapendeza kwenye picha. Ukilishika hilo nusu ya makosa utayakwepa.

Mwongozo huu nimeuandika nikiufikiria mji wa Tanzania wa ukubwa wa kawaida, Morogoro, Moshi, Tanga, Songea, Shinyanga, sio lazima Dar. Wa Kenya na kwingine mtabadilisha majina ya ofisi tu, mitaro na nguzo za umeme ni zilezile. Unaweza kuwa diwani, mwenyekiti wa mtaa, mfanyabiashara uliyechoka kumwagia maji vumbi kila asubuhi, au kijana umemaliza mipango miji ukapewa mtaa mmoja uushughulikie.

Hatua ya 1: chagua mtaa mmoja, na uwe mfupi

Mmoja. Mita 200, 300, ikizidi sana 400. Kila mji una mtaa unaounganisha stendi na soko, au soko na hospitali, na huo ndo wa kuanzia kwa sababu hapo watu ni wengi mpaka wanamwagika barabarani. Ukianza na mtaa mtulivu wenye maofisi utapata picha nzuri na hamna atakayeona tofauti.

Kabla hujaupenda sana uliza ni wa nani. Kama ni barabara kuu au ya mkoa inayopita katikati ya mji basi iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na pale hoja ya malori ya kwenda mkoa wa pili itakusumbua miaka. Kama ni wa mjini kawaida uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wao wapo tangu 2017, na meneja wao wa wilaya ni mtu unayeweza kumkuta ofisini mkaongea. Mi ningekushauri uchukue wa TARURA hata kama ule mwingine ndo unauma zaidi.

Hatua ya 2: kahesabu miguu

Hii hatua watu wanairuka na ndo yenye utajiri wote. Huhitaji kifaa chochote, unahitaji daftari, vijana wanne, na viti vya kuazima kwa mama ntilie. Hesabuni saa moja mpaka mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na siku mbili tofauti, moja ya kawaida na moja ya mnada au gulio kama mji wenu unalo. Andikeni wanaopita kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, daladala, gari binafsi, mkokoteni. Usisahau mkokoteni. Mkokoteni ndo unaolisha soko na kila mchoro wa kisasa ninaouona hauna mahali pa mkokoteni, kana kwamba magunia ya viazi yanapaa.

Alafu chora ramani ya mtaa kwa mkono, hata vibaya, na uweke alama ya vitu vifuatavyo. Kwanza, watu wanavukia wapi kweli. Sio zebra iko wapi, wanavukia wapi. Utakuta zebra ipo mita 60 kutoka mlango wa soko na watu wote wanakatiza mlangoni, na trafiki anawalaumu watu, wakati aliyekosea ni aliyepaka rangi. Pili, weka alama kila sehemu mtu anaposhuka kwenye njia ya pembeni akaingia barabarani, na andika sababu: gari limepaki, nguzo, meza ya viatu, mfuniko wa mtaro umevunjika, bango la saluni, ngazi ya duka imetoka nje. Tatu, weka kivuli. Kivuli cha saa nne na kivuli cha saa tisa alasiri ni tofauti, mtaa unaokwenda kaskazini kusini jua la jioni linapiga maduka ya upande wa mashariki, na utaona mwenyewe umati wote umehamia upande wa pili. Kama bajeti inatosha njia moja nzuri tu, hapo ndo utajua ikae upande gani au miti ianzie wapi.

Mwisho wa hesabu, tembea mtaa mzima na watu watatu: mtu anayetumia kiti cha magurudumu au ile baiskeli ya mikono ya matairi matatu, mtu asiyeona mwenye fimbo yake, na mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Usiwaite ofisini uwahoji, tembea nao. Mji mmoja niliwahi kutembea hivo na mzee wa baiskeli ya mikono, mtaa ulikuwa umetengenezwa upya, pevingi zinang'aa, na ndani ya mita 150 alilazimika kurudi barabarani mara tano kwa sababu kila penye lango la gari ukingo umekatwa wima bila mteremko. Yule mzee hakulalamika hata, alisema tu "mimi njia yangu ni ya magari, nimezoea." Injinia aliyekuwa nasi alinyamaza mpaka mwisho wa mtaa.

Hatua ya 3: kaa na wanaoutumia, hasa wale unaowaona kero

Wenye maduka, machinga, mama ntilie, bodaboda, bajaji, wapagazi wa mikokoteni, anayekusanya ushuru wa maegesho, mzoa taka. Kikao kimoja kikubwa ukumbini hakitoshi manake watazungumza wenye maduka tu, machinga atanyamaza akijua jioni yake atapangiwa tarehe ya kuondoka. Wafuate kwenye vijiwe vyao.

Mwaka 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara karibu miji yote na kupelekwa maeneo maalumu, na kila mmoja wetu ameona kwenye mji wake kilichofuata, maeneo mengine yameshika, mengine machinga wamerudi kidogokidogo kwa sababu mteja hakuwafuata kule. Mteja anapita hapa. Muuza karanga, maji, vocha na mitumba ya bei ndogo anaishi kwa mpita njia. Ukichora mtaa ambao hauna nafasi yake hata moja umechora mtaa ambao utavamiwa ndani ya miezi, alafu utaita mgambo, alafu mgambo watachoka. Bora uamue mapema kwamba kuna meza 30, saizi ya mita moja na nusu kwa mita moja, zinakaa kwenye mstari wa miti na taa, sio kwenye njia yenyewe, zina namba, na vikundi vyao wenyewe vinasimamia. Na kwa taarifa yako mtaa wenye wauzaji ni salama zaidi usiku kuliko mtaa mtupu, wadada watakwambia.

Wenye maduka wao watakuwa na hofu moja tu: wateja wangu wanakuja na gari, ukiondoa maegesho nimekufa. Usibishane nao. Waombe wahesabu wateja wao siku moja, waulize kila anayeingia amekujaje. Waache wapate jibu lenyewe. Na mara nyingi zile gari mbili zilizopaki mbele ya duka tangu asubuhi ni za mwenye duka na jirani yake!

Hatua ya 4: pima ukuta kwa ukuta, alafu gawa mita

Chukua tepu. Usipime lami, pima kutoka ukuta wa duka la huku mpaka ukuta wa duka la kule, kwa sababu hiyo ndo mali mliyonayo. Miji mingi iliyopimwa vizuri zamani ina mitaa mipana kuliko watu wanavyodhani, ila katikati wamemwaga lami pana, pembeni mitaro ya wazi, na vumbi limechukuliwa na magari.

Tuseme umepata mita 20. Anza kugawa kutokea kwa mtu, sio kutokea kwa gari. Mbele ya duka acha mita 1 ya watu wanaosimama kuangalia bidhaa na ngazi za milango. Inayofuata mita 2.5 safi za kutembea, na nikisema safi namaanisha hamna nguzo, hamna meza, hamna mti, hamna kitu. Kwa mtaa wenye watu wachache unaweza kushuka mpaka mita 1.8, chini ya hapo watu wawili wenye mizigo hawapishani. Kisha mita 1.5 ya miti, taa, viti, meza za machinga, mapipa ya taka. Hiyo ni mita 5 upande mmoja, pande mbili 10. Katikati weka lami mita 6.5, magari mawili yanapishana vizuri tu na daladala inapita, ila haina pa kukimbilia. Umebakiza 3.5. Toa 2.2 upande mmoja kwa maegesho na kushushia mizigo, na hiyo 1.3 iliyobaki iongeze kwenye njia ya ule upande wenye watu wengi zaidi, ambao unaujua kwa sababu ulihesabu.

Kwenye ule ukanda wa maegesho usiwape magari yote. Nafasi ya gari moja, urefu kama mita 5, inabeba pikipiki nne au tano. Kata nafasi mbili ziwe kijiwe rasmi cha boda karibu na mlango wa soko, nafasi moja ya mikokoteni na kushusha mizigo mpaka saa tatu asubuhi, moja ya gari la mtu mwenye ulemavu. Bodaboda ambaye hana kijiwe atatengeneza kijiwe, na atakitengenezea juu ya njia yako.

Kama mtaa wako ni mwembamba, mita 10 au 12, usijaribu kubana vyote. Fanya njia moja ya kwenda tu kwa magari, au futa ukingo kabisa, sakafu moja kutoka ukuta hadi ukuta, gari liingie polepole kama mgeni. Luthuli Avenue pale Nairobi, mtaa wa redio na simu ambao ulikuwa umekabwa koo na matatu, mwaka 2019 uligeuzwa kuwa wa upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa na miti ikapandwa, na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, walikuwa pamoja na kaunti kwenye kazi hiyo.

Kabla ya kwenda mbele: je tufunge mtaa kabisa?

Swali hili litaulizwa na mtu aliyesafiri. Jibu langu ni inategemea, na kwa miji yetu mingi jibu ni bado. Watu wanapenda kuutaja Strøget wa Copenhagen, ambao magari yalitolewa 1962, na wenye maduka pale nao walipiga kelele zilezile za wateja wangu watafikaje. Lakini mfano wa karibu zaidi ni Kigali. Walifunga mtaa wa KN 4 katikati ya jiji mwaka 2015, magari yakaondoka, na kwa muda mrefu pakawa ni lami tupu yenye jua, watu wanapita haraka wakatafute kivuli. Walipokuja kuutengeneza kweli, wakaweka viti, miti, vibanda, sehemu ya watoto na kuuita Imbuga City Walk, ndo watu wakaanza kukaa. Kutoa gari ni dakika kumi, unaweka pipa mbili na kamba. Shida ni nini kinaingia badala yake. Mtaa kama Kongo pale Kariakoo mchana umeshajifunga wenyewe kwa wingi wa watu, huo ukifungwa rasmi unakuwa umethibitisha tu kinachotokea.

Hatua ya 5: mwendo, kona na kuvuka

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndo ruhusa ya kwenye makazi hapa kwetu, linakula mita karibu 14 kwa sekunde moja. Yaani dereva akishtuka tu, kabla mguu haujafika kwenye breki, ameshapita duka tatu. Kwenye 30 ni mita 8 na kidogo. Katikati ya mji lenga 30, na usilenge kwa kibao, lenga kwa umbo la barabara. Kibao hakimsimamishi mtu aliyechelewa.

Umbo maana yake kwanza lami nyembamba, tumeshalifanya. Pili kona. Angalieni kona za mitaa yetu zilivyochongwa kwa mviringo mkubwa, gari linakata bila hata kupunguza gia, na mtu anayevuka pale anakuwa na umbali mrefu kuliko katikati ya mtaa. Ibane kona mpaka nusu kipenyo cha mita 3 hadi 5. Watakwambia gari la zimamoto na la taka halitapita, basi waite walete hayo magari Jumapili asubuhi, panga koni kama kona mpya itakavyokuwa, wajaribu. Mara nyingi yanapita, na yasipopita unasogeza koni.

Tatu kuvuka. Mtu mzima kwa mwendo wa kawaida anakwenda kama mita 1.2 kwa sekunde, kwaiyo lami ya mita 12 inamchukua sekunde 10. Bibi anayekwenda mita 0.8 atatumia 15, na hizo 15 ni nyingi sana ukiwa katikati ya bajaji. Ukitanua njia ya pembeni pale kivukoni mpaka lami ibaki 6.5, bibi anavuka kwa sekunde 8. Hujaweka taa, hujaweka askari, umesogeza tu mawe ya ukingo.

Na zebra ya rangi peke yake mi siiamini tena. Rangi inafutika mvua mbili, na dereva anaipita. Weka zebra juu ya tuta pana, juu bapa, kimo sawa na njia ya pembeni, upana mita 3 au zaidi, ili mtu avuke bila kushuka na gari ndo lipande. Sio tuta kali la kuvunja springi na sio rasta, yale matuta madogo madogo ya mfululizo, rasta zinapiga kelele usiku kucha na bodaboda anazikwepa pembeni, yaani pale pale unapotembea wewe. Kazi ya namna hii imeshafanyika Dar, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend ulizunguka shule za msingi ukaweka matuta, njia za miguu, nguzo fupi, vibao na zebra, vitu vya kawaida kabisa, majeraha ya watoto yakapungua kwa kama robo, na 2019 wakapata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross. Hamna kilichoagizwa kutoka mwezini pale.

Madaraja ya juu ya kuvukia kwenye mtaa wa soko, hapana. Yana mahali pake kwenye barabara pana ya magari ya kasi, lakini mtu mwenye gunia la mkaa humpandishi ngazi 40 ili gari lisipunguze mwendo.

Hatua ya 6: mtaro, nguzo, ukingo

Hapa ndo hela nyingi inakwenda na hapa ndo kazi inaharibika. Mtaro wa wazi ukiufunika umepata mita nzima ya njia bila kubomoa ukuta wa mtu. Ila ufunike kwa slabu zinazofunguka. Nimeona mji umemwaga zege moja kwa moja juu ya mtaro mita mia, mvua za masika zikaja, taka zikakwama ndani, maji yakatokea dukani kwa watu na ikabidi waite nyundo. Slabu ya sentimita 60 kwa 50 yenye unene wa 8 ina uzito wa karibu kilo 60, vijana wawili wananyanyua, iwekewe tundu la kuingiza ndoano ya nondo. Vifuniko vya chuma achana navyo, chuma chakavu kina soko, wiki mbili vimeondoka. Matundu ya kuingizia maji yakatize mwelekeo wa anayetembea na yasizidi sentimita 1.3, vinginevyo fimbo na kisigino vinazama.

Njia yenyewe ipe mteremko mdogo kuelekea mtaroni, sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yasituame, lakini usizidishe maana kiti cha magurudumu kitavutwa kuelekea barabarani. Ukingo usizidi kimo cha sentimita 15. Pale unaposhusha kwa ajili ya magurudumu, kila kimo cha 1 kinataka urefu wa 12, maana yake ukingo wa 15 unataka mteremko wa mita 1.8. Fundi atakwambia mita moja inatosha. Haitoshi, mwambie asukume mwenyewe kiti chenye mtu mnene.

Vigae vya kung'aa, hapana kabisa. Kuna jengo moja la ofisi mji fulani waliweka vigae vizuri sana nje, mvua ya kwanza watu walikuwa wanateleza kama samaki. Pevingi za kawaida za zege zinatosha, unene sentimita 6 kwa watu, 8 pale gari linapokatiza kuingia getini, na pembeni zifungwe kwa mawe ya ukingo vizuri la sivyo zinatawanyika.

Nguzo za umeme zilizo katikati ya njia andika barua TANESCO mapema sana, kabla ya kila kitu, alafu watu wa maji, alafu makampuni ya simu. Wote wachimbe kwanza. Na weka mabomba matupu mawili matatu chini ya njia kwa ajili ya waya za kesho.

Nguzo fupi za kuzuia magari yasipande juu ni lazima, sio pambo. Bila hizo njia yako nzuri ni maegesho mapya ndani ya wiki. Ziachane mita 1 hadi 1.2, gari halipiti, kiti cha magurudumu kinapita. Bodaboda naye anapita, nikuambie ukweli, upana wa mtu wa kiti na wa pikipiki haupishani sana, kwaiyo boda humzuii kwa nguzo, unamzuia kwa kumpa kijiwe na kwa kuongea na viongozi wake.

Hatua ya 7: kivuli na mahali pa kukaa

Mtaa wa jua hautembeki hata ukiupaka dhahabu. Mwarobaini ni mti wa kuaminika sehemu kavu, Dodoma na Singida wanaujua. Mjohoro unakua haraka. Mkungu una kivuli kizuri mno ila unadondosha matunda na majani makubwa, uwe na mfagiaji. Mwembe watoto watarusha mawe na hasara yako itakuwa kioo cha gari. Mikuyu na ile miti ya maua mekundu ya Desemba, mizizi yake inanyanyua pevingi zako zote, iweke kwenye uwanja sio kwenye njia. Shimo lisipungue mita 1.2 kwa 1.2, na kila mti upe jina la mwenye duka wa karibu, aumwagilie mpaka misimu miwili ya mvua ipite. Wakati miti inakua, vibaraza vya maduka vitoe mapaa.

Viti, angalieni Mji Mkongwe Zanzibar. Wale hawakununua benchi za chuma, walijenga baraza kwenye ukuta wa nyumba, na mpaka leo watu wamekaa pale na vichochoro vyembamba vyenyewe vinatoa kivuli. Baraza la zege lenye kimo cha sentimita 45, haliibiwi, halivunjiki, na linakuwa kizuizi cha gari bure.

Taa za mita 4 mpaka 6 zinazomulika njia, sio zile ndefu zinazomulika majani ya miti.

Hatua ya 8: jaribu kwa chokaa kwanza

Usimwage zege kabla hujajaribu. Omba kibali, Jumamosi na Jumapili mbili, panga koni, matairi yaliyopakwa rangi, chora kona mpya kwa chokaa, leta viti vya plastiki. Kigali wana siku za bila magari mara mbili kwa mwezi na watu wameshazoea, nyie anzeni na nusu siku. Hesabuni tena kama mwanzo. Vitu viwili vitatu vitagoma, daladala itashindwa kukata kona ya msikiti, gari la taka litakosa pa kugeuzia. Ndo maana ya kujaribu, chokaa inafutwa na maji.

Hatua ya 9: karatasi na hela

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti za halmashauri zinaandaliwa miezi mingi nyuma. Ukipeleka wazo Mei umechelewa, peleka Oktoba, likiwa limepita mkutano wa mtaa, WDC (kamati ya maendeleo ya kata), na lina mchoro na hesabu za watu. Ofisi za kupita ni TARURA, idara ya mipango miji, trafiki, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kama unagusa kituo cha daladala. Hifadhi ya barabara ina sheria yake ya 2007, kwaiyo hata meza ya machinga ndani yake inataka kibali kilichoandikwa, sio ruhusa ya mdomo ya mtu ambaye kesho anahamishwa.

Hatua ya 10: kujenga na baada ya hapo

Jengeni upande mmoja kwa wakati, vipande vya mita 50, na kila mlango wa duka uwe na daraja la mbao siku zote. Epuka Desemba, maduka yanauza, na epuka masika. Mtu mmoja kutoka kwa wafanyabiashara awe na tepu na nakala ya mchoro, apite kila jioni, manake ule mteremko wa mita 1.8 ukigeuka mita 1 unageuka siku moja tu na baada ya hapo ni zege.

Baada ya kukabidhiwa, andikeni nani anafungua slabu na kusafisha mtaro kabla ya Machi na kabla ya Novemba, kwa majina ya ofisi na tarehe. Na kwenye mkataba wa ununuzi wekeni pevingi za ziada, kama tano kwa kila mia, zihifadhiwe ofisi ya kata zikiwa zimehesabiwa. Watu wa maji watakuja kuchimba, hilo usijidanganye, na wakishafukia kwa udongo ukiwa huna pevingi za rangi ileile na saizi ileile, lile shimo ndo litakuwa hapo mpaka uchaguzi ujao.